Shamba Lisilo na Udongo

Kwetu Bunia, neno la Kifaransa champ lina maana moja tu kwa mtu wa kawaida: shamba. Anayekwenda kulima anakwenda champ, anayerudi na mihogo kichwani anatoka champ, na ukimwuliza jirani mbona haonekani siku hizi, atakujibu kwamba alikuwa champ. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na katika fizikia champ ni kitu kingine kabisa. Ni nguvu, ya sumaku kwa mfano, inayoenea mahali bila kuonekana na kuvisukuma vitu bila kuvigusa. Vitabu vya Kiswahili vya upande wa Tanzania vinaiita uga. Nilijaribu neno hilo darasani mara moja tu. Mwanafunzi mmoja alidhani nimeshindwa kutamka bugali, ugali wetu, darasa zima likacheka, nami nikafunga kitabu kwa hasira. Tangu siku ile nasema champ kama wenzangu wote.

Ninaishi na mama yangu. Sikuolewa, na watu wa mtaa wameshachoka kuniuliza kwa nini, jambo ninalowashukuru sana. Mama alikuwa mkulima upande wa Bogoro, kwenye mteremko ambao asubuhi ya anga safi unaliona ziwa kwa mbali. Tulikimbia kutoka huko wakati wa vita, nikiwa bado msichana wa sekondari. Tulitoka na nguo za mwilini, na mama alikuwa na chupa moja kubwa ya plastiki yenye maharagi ya mbegu, mekundu yenye madoa meupe. Hakurudi tena kulima kule. Kuna miezi barabara inapitika na miezi haipitiki, na hata inapopitika hujui utamkuta nani amesimama kwenye mteremko wako.

Parseli yetu, kiwanja chetu cha mjini, ni ndogo. Kuna nyumba ya vyumba viwili, jiko la nje, choo, na nyuma ya choo kipande cha ardhi chenye urefu wa hatua tisa. Kila msimu mama alipanda hapo mstari mmoja wa maharagi. Akishavuna aliyakausha, akayachagua moja moja, akayachanganya na majivu ili wadudu wasiyaguse, akayarudisha yote kwenye chupa na kuiweka juu ya kabati. Hatukula hata punje. Nilikuwa nakasirika, kwa sababu kipande kile nilikitaka kwa ajili ya tangi la maji ya mvua.

"Mbegu inakufaka kama haipandwe," alikuwa akinijibu, na mazungumzo yaliishia hapo.

Siku niliyokubaliwa kufanya utafiti chini ya profesa mmoja wa Kisangani, nilikuwa nafunga viatu kibarazani na motari, dereva wa pikipiki, ananipigia honi nje. Mama alitoka na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Sasa utasoma juu ya nini?"

"Juu ya champ, mama. Champ moya ya nguvu sana."

"Ya nguvu?"

"Ya nguvu kabisa."

Akainua mikono yote miwili, pamoja na kile kitambaa, akasema, "Aksanti Mungu." Niliona ameguswa na maendeleo yangu ya elimu. Nikapanda pikipiki nikaenda zangu.

Kazi yenyewe ni hii. Chukua aina mbili za madini yale yanayotumika ndani ya simu, yanayopitisha umeme nusunusu, uyabandike moja juu ya jingine. Pale yanapokutana kuna tabaka jembamba mno ambamo elektroni zinanaswa. Haziwezi kupanda wala kushuka. Zinaweza kwenda mbele, nyuma na pembeni tu. Halafu liweke tabaka hilo kwenye baridi ambayo hakuna mlima wa dunia hii umewahi kuwa nayo, ulipitishie champ kali ya sumaku kutoka juu kwenda chini. Elektroni haziendi tena moja kwa moja. Champ inazikunja, kila moja inaanza kuzunguka duara dogo palepale ilipo. Zile za katikati zinazunguka na kuzunguka bila kufika popote. Zile za ukingoni haziwezi kumaliza duara kwa sababu zinagonga ukuta. Zinaruka nusu duara, zinagonga, zinaruka tena, na kwa kuhangaika hivyo zinasogea mbele kando ya ukuta. Umeme unaopita, unapita ukingoni.

Ukiiongeza champ polepole, huku ukipima volti kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, volti haipandi kwa mteremko laini. Inapanda ngazi. Inapumzika, inaruka, inapumzika tena. Jambo lililonishika mimi ni kwamba mapumziko hayo yanahitaji uchafu. Tabaka lililo safi kabisa lisingekuwa na ngazi hata moja. Ni zile kasoro ndogondogo zinazozishika elektroni na kuipa volti mahali pa kutulia. Nilipolielewa hilo kwa mara ya kwanza nilisimama chumbani peke yangu nikapiga makofi, halafu nikaona aibu.

Bunia hakuna baridi ya namna hiyo wala sumaku ya namna hiyo. Nilikuwa na kompyuta moja, betri moja na paneli moja ya sola juu ya bati, na kazi yangu ilikuwa kukokotoa jinsi kasoro hizo zinavyozishika elektroni. Nilikokotoa Jumamosi mchana, jua likiwa limesimama juu ya paneli. Wingu likija nilihifadhi kazi na kungoja. Hesabu moja ingeweza kula Jumamosi sita, na mwisho wake nikagundua nimekosea alama ya kutoa.

Ugumu wa hesabu niliutarajia. Upweke sikuutarajia. Mjini kote alikuwepo mtu mmoja mwingine aliyeelewa ninachofanya, mwenzangu tuliyesoma pamoja, naye aliondoka akaenda Nizi kuuza mashine za kuvutia maji kwa wachimba dhahabu. Aliniambia elektroni hazina soko, akacheka, akaniachia madaftari yake. Profesa wa Kisangani alijibu barua zangu kwa mistari miwili, kila alipokumbuka. Walimu wenzangu wakiniuliza "Na ile mémoire?", yaani tasnifu yangu, waliuliza kwa sauti ya kuuliza habari za mgonjwa, na kabla sijajibu walikuwa wameshageukia chai. Kuna majuma nilitembea mjini na jambo zuri kabisa kichwani, nikapita sokoni, nikapita kanisani, nikarudi nalo nyumbani vilevile, halijasikiwa na mtu. Nilikuwa na uchungu wa kweli. Siwezi kuuita jina lingine.

Alibaki mama. Yeye ndiye aliyeuliza, kila Jumamosi, akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni akichambua sombe, majani ya mihogo.

"Na ile champ yako, iko namna gani?"

"Iko muzuri, mama. Leo niliiongeza kidogo."

"Uliiongeza? Bila kugombana na mutu?"

Nilicheka. "Bila kugombana na mutu."

"Mungu anakupenda. Na batu ba mule?"

Nilikuwa nimezoea kumsimulia elektroni kama watu, ili asichoke kunisikiliza. "Bale ba katikati banazunguka tu mahali pamoya. Ba pembeni njo banatembea."

"Na weye unabaangalia tu?"

"Nitafanya nini, mama? Champ njo inabafanya vile."

Alifikiri kidogo, mikono ikiendelea na majani. "Champ ikiwa kubwa sana, mutu anapotea mule," akasema.

Niliona nimezaliwa na mwanamke wa ajabu, asiyejua kusoma Kifaransa lakini anashika mambo ambayo wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho hawayashiki. Niliiandika sentensi yake kwenye daftari. Siku nyingine aliniuliza kama mvua inanyesha kule. Nikamjibu kwamba kule ni baridi tu, baridi mingi sana.

"Maharagi inapenda baridi kidogo," akasema.

Nikadhani amehamia kwenye mstari wake wa nyuma ya choo, kama wazee wanavyohama mazungumzo, nikarudi kwenye hesabu. Leo nikiyakumbuka hayo najiona mjinga wa kupindukia. Nilikuwa na njaa ya masikio kiasi kwamba sikujali masikio hayo yalisikia nini. Tuliendelea hivyo miaka minne.

Halafu ikaja Jumamosi ile. Mama alikuwa kwenye maombi ya akina mama. Simu ililia, ujumbe kutoka Kisangani: tasnifu imekubaliwa, tarehe ya kuitetea imepangwa. Niliusoma nimesimama, nikausoma tena nimekaa. Hakuna wa kumwambia. Nilitoka nje nikarudi. Nikaamua kwamba mama akirudi atakuta nimepika kitu cha sikukuu, nimwambie tukiwa mezani.

Ndani hakukuwa na kitu, na mvua ya asubuhi ilikuwa imegeuza njia ya soko kuwa tope. Nikainua macho nikaiona chupa juu ya kabati. Mavuno ya msimu ule yalikuwa yameingia humo majuzi tu. Nikasema moyoni, kama leo si siku yake, siku yake itakuwa lini? Niliyamwaga kwenye ungo, nikapeperusha majivu, nikachagua. Punje zilizonyauka na zenye tundu la mdudu nilizitupa chini ya ukuta wa jiko. Zilizobaki nilizichemsha kwa makaa taratibu, nikaweka kitunguu na mawese. Nilikuwa naimba, na mimi si mtu wa kuimba.

Mama aliingia na Biblia kwapani akitabasamu kwa harufu.

"Unapika nini?"

"Maharagi, mama."

"Ulitoa wapi?"

Nikamwonyesha chupa tupu. Aliiweka Biblia juu ya kigoda, akafunua sufuria, akaangalia ndani kwa muda.

"Yote?"

"Yote. Leo ni fête, mama. Date ilitoka!"

Alirudisha kifuniko polepole, kama aliyeogopa kukipigisha kelele.

"Ulipika shamba yako," akasema.

"Shamba gani?"

"Ile balikupa. Ile ya nguvu. Mbegu mi nilikuwa nachunga juu yake. Nilikuwa nasema, siku moya mutoto atanipeleka, atanionyesha, tutapanda."

Nilisimama na kijiko cha mbao mkononi, na miaka minne ikanirudia sentensi moja moja. Mvua inanyesha kule. Bila kugombana na mutu. Aksanti Mungu. Alikuwa akinisikiliza kila Jumamosi, na katika kila nililosema alisikia udongo.

Nakiri kwamba uongo ulinijia haraka. Ningeweza kumwambia shamba limenyang'anywa. Angeamini palepale, kwa kuwa huku kwetu mashamba yananyang'anywa kila mwaka, na angelia na kumaliza. Lakini angekuwa amepoteza mashamba mawili, na la pili ningekuwa nimemnyang'anya mimi.

"Mama, hakuna shamba," nikasema. "Champ yangu haina udongo."

"Balikunyanganya?"

"Hapana. Haikukuwako. Ni nguvu ya aimant, ile inavutaka misumari. Iko mu hewa, haionekane. Hatuwezi panda kitu mule."

Alikaa juu ya kigoda, akaiweka Biblia mapajani. "Na bale batu?"

"Si batu, mama. Ni bitu bidogo sana, bidogo kupita macho."

"Bale ba kuzunguka."

"Bale."

Mvuke ulikuwa unainua kifuniko na kukishusha.

"Basi ni siye babili tu," akasema mwishowe. "Leta sahani. Itapoa."

Tukala. Maharagi yale yalikuwa matamu kuliko yote niliyowahi kuonja, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Mama alimaliza sahani yake. Yangu nilishindwa kuimaliza. Habari ya tarehe ya Kisangani haikuguswa tena mezani.

Kuanzia siku ile hakuniuliza tena. Hakununa, hakusema neno baya. Tulisalimiana, tukapika, tukasali. Majirani walianza kupanda, na kipande cha nyuma ya choo kikabaki kitupu. Jumamosi nilikaa kwenye kompyuta na kuuacha mlango wazi makusudi. Alipita na beseni, akapita tena na ufagio. Niliwahi kusema kwa sauti, kana kwamba najisemea, "Leo champ imekataa!" Akajibu kutoka uani, "Pole." Nilikuwa nimepata tarehe yangu na kumpoteza msikilizaji wangu wa pekee.

Nilikwenda Kisangani kwa barabara. Katika mji mdogo wa Niania tulikaa siku mbili tukingoja lori lililokwama litolewe njiani, nami nikazitumia siku hizo kuiambia miti ya msituni habari za ngazi za volti, kimoyomoyo. Siku yenyewe walikuwepo watu wanne chumbani, na mmoja wao alikuwa anaangalia simu. Profesa mmoja mzee aliuliza swali la kweli kuhusu ukingo, la kwanza nililowahi kuulizwa na mtu mwenye kuelewa, nikajibu vizuri. Nilifaulu. Wakanipa mikono, wakatoka kwenda kula.

Nje palikuwa na furaha ya wengine. Kwetu mtu akitetea tasnifu ndugu zake humngojea mlangoni na makopo ya poda, wakammwagia kichwani mpaka awe mweupe wote. Mwanafunzi mmoja wa idara nyingine alikuwa katikati ya ukoo wake, macho tu yanaonekana, na mama mmoja wa ukoo ule akaniona nimesimama na kitenge changu kipya na karatasi mkononi. Alisogea na kopo lake.

"Na weye ulimaliza leo?"

"Hapana, mama," nikamjibu. "Minangojea mutu."

Sijui kwa nini nilidanganya. Labda sikutaka poda ya huruma. Jioni ile nilinunua kopo langu dukani, nikalitia ndani ya mfuko bila kulifungua, maana mtu hajimwagii poda mwenyewe.

Niliporudi Bunia, mama alikuwa amekaa uani, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Alinipokea mzigo.

"Ilipita?"

"Ilipita, mama."

"Balikumwangia poudre?"

"Nani angenimwangia?"

Alianza kutoa vitu vyangu kwenye mfuko, nguo chafu upande huu, karatasi upande ule, mpaka akalikuta kopo. Akalitazama, akanitazama mimi, akalifungua kwa meno. Alinimwagia lote, taratibu, kichwani na mabegani, nikakohoa, nikalia, na yeye akaendelea mpaka kopo likaisha. Kisha akajipangusa mikono kwenye kitenge na kukaa tena palepale.

Ndipo nilipoona kilichokuwa kando yake. Chini ya ukuta wa jiko, kwa mstari uliopinda, maharagi yalikuwa yameota. Yalikuwa kumi na moja, kila moja limechomekewa kijiti.

"Nani alipanda hapa?"

"Hakuna mutu. Ni ile mbaya ulitupa siku ile." Alinyoosha kijiti kimoja kilichoinama. "Iliota yenyewe."

Tulikaa. Kuku wa jirani alikuja, mama akamfukuza kwa kandambili. Alikuwa bado anayaangalia majani aliponiuliza.

"Na bale ba katikati, bangali banazunguka?"

Nilijipangusa poda kwenye kope.

"Bangali, mama."

"Ikala hapa. Unielezee tena, tangu mwanzo."

Nikakaa chini karibu na kigoda chake. Safari hii nikaogopa kukosea, nikaanza na vile visivyokuwepo. Nikamwambia kule hakuna udongo. Hakuna mvua, hakuna jembe, hakuna mteremko, hakuna ziwa.

"Ile minajua," akasema. "Endelea."